Boneti Nyeusi, Kizota

Nyeupe husamehe. Fedha husamehe.
Nyeusi hutunza hesabu ya kila kitambaa kichafu
kilichowahi kuigusa.

Mama Chilewa kaileta Kresta ya marehemu saa moja asubuhi,
imepauka kama kitenge kilichosahauliwa kambani kiangazi kizima,
chumvi ya maji ya kisima miduara miduara juu ya paa,
vumbi jekundu la Nkuhungu hadi ndani ya bawaba.
"Mnunuzi anatoka Mtumba kesho saa nne.
Nataka iwe kama siku ile alipoifikisha nyumbani."

Sikujibu haraka. Rangi haijibiwi haraka.
Nilichukua utepe wa karatasi, nikaigawa boneti mara tatu
kama shamba la mirathi.

Kwanza ile ya kupuliza, chupa ya elfu sita,
Ndahani huiapia. Fyuu, futa, tayari.
Iling'aa, sikatai,
kung'aa kwa midomo iliyotoka kula pilau.
Upepo wa saa tano ukapita na vumbi lake,
vumbi likaona pa kukaa, likakaa.

Pili, nta ya kopo. Ngumu, ya manjano,
inanukia mzinga wa Manyoni.
Hii haitaki jua. Tukaisukuma gari chini ya turubai,
nikapaka kidogo, kidogo kuliko unavyodhani,
nikangoja ikauke iwe ukungu, nikafuta.
Weusi ukashuka, ukapata kina.
Mawingu ya Dodoma yakapita humo,
yale yale yanayopita bila kusema neno.
Lakini inamisha jicho usawa wa bati:
mikwaruzo yote ipo, imejifunika nta
kama watoto wanaojifanya wamelala.

Tatu, kampaundi, halafu polishi, halafu nta.
Hii ndiyo kweli, na kweli hula.
Kitambaa hutoka cheusi, na weusi ule si uchafu,
ni gari lenyewe.
Kila kusugua ni kupunguza.
Unaweza mara nne, labda tano, katika umri wa rangi,
kisha unakutana na bati uso kwa uso.
Nilipomaliza nilijiona mzima mzima: pua, jasho,
hata lile jino nililovunja Ihumwa.

Mama aliinama, akanyamaza.
"Hii ya tatu. Gari zima."

Milango, sawa. Buti, sawa.
Kwenye madigadi ya nyuma, kushoto,
kidole kilikwama kabla ya jicho.
Herufi za msumari, kimo cha mtoto:
N, Y, E, M, O,
na ile E imegeuka, inatazama ilikotoka.

"Siku ile alichapwa," mama akasema.
"Usiku baba yake hakula.
Mtoto alikula, tena akaongeza."
Sikuuliza Nyemo yuko wapi sasa.
Yapo maswali yanayokwangua.

Mashine mkononi, waya umetandazwa toka kwa kinyozi.
Dakika tatu zingetosha.

"Hapo weka ile ya kopo."
"Nta haifuti, mama, inaficha tu. Mvua tatu, nne, litarudi."
Akatazama juu, akacheka kwa pua.
"Mvua gani? Hii ni Septemba."

Nikaacha sifongo, nikapaka kwa kidole,
mfereji mmoja mmoja.
E ilikuwa ya mwisho kunyamaza.

Kesho yake mnunuzi aliizunguka mara mbili,
akasimama mlangoni, akajiona, akanyoosha tai.
Hakuomba apunguziwe hata elfu kumi.
Mama alihesabu noti, akasahau chenji yangu, akarudi, akanipa,
akaondoka kwa miguu kuelekea Majengo.

Tangu hapo Ndahani ananibishia kuhusu chupa yake
nami namjibu nusu nusu.
Wingu likisimama upande wa Mtumba
nalitazama kama mtu anayemwona anayemdai
akikata kona.